Mbegu Hailiwi: Kuanza Biashara Ndogo Luvungi

Simama dakika chache kando ya barabara ya taifa namba 5, pale Luvungi, gari la kutoka Bukavu linapopunguza mwendo. Kabla halijasimama, akina mama na vijana wameshafika madirishani: beseni la nyanya, chane ya ndizi, mafungu ya vitunguu, mahindi ya kuchoma. Bei hukatwa, pesa hupokelewa, chenji hurudishwa, na gari linaondoka. Waulize hao wauzaji wanafanya kazi gani, wengi watakujibu: "Sina kazi, ninatafutia tu watoto chakula."

Ningependa tuanze kwa kulikataa jibu hilo. Mtu anayejua bei ya asubuhi na ya jioni, anayejua gari lipi lina wanunuzi na lipi lina watazamaji, ana kazi. Inabaki aifanye kwa hesabu.

Swali ninaloulizwa kila mara, hasa na vijana, ni hili: "Kapitali nitaitoa wapi?" Ni swali la haki, na nitalijibu. Lakini kwa miaka yote niliyofundisha hesabu kwa wauzaji wadogo wa uwanda wa Ruzizi, nimeona biashara nyingi zilizoanza na pesa ya kutosha zikafa, na nyingine zilizoanza na gunia moja zikasomesha watoto. Zilizokufa, mara nyingi, zililiwa. Mkulima wa hapa hahitaji kuelezwa kwamba mbegu ya mpunga hailiwi hata njaa ikibisha mlango. Kapitali ni mbegu hiyohiyo, ila imevaa noti.

Chagua kazi kwa macho yako

Luvungi imekaa njiani, na hiyo ni mali. Kaskazini kuna Kamanyola, ambako unavuka kwenda Bugarama, Rwanda, au unapanda milima kuelekea Bukavu. Kusini kuna Bwegera, Luberizi, Sange na Kiliba hadi Uvira, na pale Kavimvira njia ya Bujumbura. Uwanda hutoa mpunga, muhogo, mahindi, nyanya na vitunguu. Ziwa Tanganyika hutoa ndagala na mikebuka. Zamani kijana wa hapa aliweza kuota mshahara wa kiwanda cha sukari cha Kiliba. Vita vya 1996 vilipokisimamisha, familia nyingi ziligeukia shamba dogo na meza ndogo ya sokoni. Meza hiyo ndiyo kiwanda chetu sasa, tuitunze hivyo.

Usianze kwa kumwiga jirani. Meza kumi za nyanya zikiwa zimepangwa mstari mmoja, ya kumi na moja haileti wateja wapya. Inashusha bei ya zote. Chukua kaye, kaa sokoni siku mbili tatu za soko, uandike: kitu gani kimekwisha kabla ya saa sita? Kitu gani kimerudi nyumbani jioni? Kitu gani wamekiulizia wakakikosa?

Kisha ujiulize utapata faida kwa njia ipi, maana njia ziko nne. Kuna kuhamisha: unatoa ndagala Uvira, unaiuza Luvungi. Kuna kugawanya: unanunua gunia, unauza kwa kopo. Kuna kugeuza: mpunga unakuwa mchele, muhogo unakuwa unga wa bugali. Na kuna kungoja: unanunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, unauza baadaye. Kila njia ina adui yake. Adui wa kuhamisha ni barabara. Wa kugawanya ni kipimo. Wa kugeuza ni mashini mbovu. Wa kungoja ni unyevu. Nyanya haiwezi kungoja. Mpunga unaweza, ukikaushwa hadi unyevu wa asilimia 14 au chini yake na kuwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu. Huna kipimo cha unyevu? Uma punje: ikivunjika kwa mlio, imekauka, ikibonyea chini ya jino, irudishe juani.

Gunia moja la mpunga

Tuchukue mama mmoja wa mfano anayenunua kilo 100 za mpunga, anazikoboa na kuuza mchele. Tarakimu hizi ni za kufundishia. Weka mahali pake bei za soko lako la leo.

Mpunga, kwa faranga 900 kila kilo, ni 90,000. Motari wa kuufikisha mashineni, 4,000. Kukoboa, 6,200. Gunia jipya, 1,000. Ushuru wa meza kwa siku nne za soko, 2,000. Jumla ametoa 103,200. Mashini imemrudishia kilo 62 za mchele safi, kwa sababu sehemu nyingine imeondoka kama maganda na pumba. Akiuza kila kilo kwa 2,000 atapata 124,000. Faida ni 20,800. Kwa makaratasi, biashara nzuri.

Sasa tumfuate mezani. Kila mteja anaomba matabishi, naye anaongeza kiganja. Viganja hivyo, hadi mwisho wa mzigo, vimekula kilo 3: 6,000. Jioni anachota kilo moja ya kupikia, siku nne: 8,000. Shemeji na majirani wawili wamechukua kilo 5 kwa deni, "mpaka mwisho wa mwezi": 10,000. Gunia limekwisha. Anahesabu pesa mkononi: 100,000 kamili. Alitoa 103,200. Hakuibiwa na hakupata ajali, na wateja walikuja. Lakini hawezi tena kununua gunia kama lile la kwanza na kulipia gharama zake zote, na hajui kwa nini.

Sehemu kubwa ya ushauri wangu imo ndani ya gunia hilo. Matabishi ni adabu ya soko letu, nami sitaki yafe. Yaweke ndani ya bei: jua mapema kwamba kilo 62 zitauzwa kama 59, kisha upange bei yako hapo. Chakula cha nyumbani kinunue kwenye meza yako mwenyewe, kwa pesa, kama mteja mwingine yeyote. Na ujiwekee posho yako ya wiki, hata iwe ndogo, ili usichote kila siku bila kujua. Deni lipe mpaka wa juu: kiasi ambacho kisipolipwa kabisa bado utaweza kununua mzigo ujao. Mwambie shemeji ukweli kwa heshima: "Shemeji, hii ni pesa ya mzigo, si yangu." Jibu hilo halimvunjii mtu heshima.

Hayo yote yanahitaji kaye yenye safu tatu: kilichotoka, kilichoingia, kinachodaiwa. Iandike jioni hiyohiyo, kabla ya kulala. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule aandike ukimsomea. Na kwa kuwa tunanunua baadhi ya vitu kwa dola na kuuza kwa faranga, andika pia dola ilikuwa bei gani siku hiyo. Faranga zikishuka thamani, faida ya jana inaweza kuwa hasara ya leo.

Kapitali hutoka wapi

Jibu langu la kwanza ni kundi la akiba, lile tunaloliita AVEC. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991 miongoni mwa akina mama wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE, na umeenea sehemu nyingi za Afrika kwa sababu ni mwepesi. Watu 15 hadi 25 wanaojuana hukutana kila wiki au kila wiki mbili. Kila mmoja hununua hisa moja hadi tano. Pesa huwekwa kwenye kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwanachama hukopa, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na riba hurudi kwa kundi lenyewe. Baada ya miezi 9 hadi 12 wote hugawana kulingana na hisa. Kundi zuri haliachi pesa nyingi zilale kisandukuni. Huzikopesha, kwa maana pesa iliyo mikononi mwa watu ishirini ni ngumu kuibwa kwa siku moja.

Epuka kuanzia kwa mkopeshaji wa mtaani. Gunia linaloleta faida ya moja ya tano, hata likiuzwa bila kosa, haliwezi kulipa riba ya nusu.

Upande wa sheria, kuna mambo mawili ya kujua. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, Septemba 2012, na sheria zake zinamtambua mfanyabiashara mdogo anayetoa tamko la shughuli yake bila uandikishaji kamili wa kampuni. Lolote unalolipa, iwe patenti au ushuru wa soko, dai kitansi na ukihifadhi. La pili ni la akina mama: sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga kisheria. Marekebisho ya Julai 2016 yameliondoa sharti hilo. Sasa ni mume na mke wote wawili kusikilizana.

Hapa kwetu pana misukosuko

Sitajifanya sijui tunaishi wapi. Uwanda huu umekimbiwa mara nyingi kwa sababu ya vita. Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira na kubeba nyumba na maduka ya watu. Kwa hiyo usiweke mbegu yote shimo moja: sehemu iwe mzigo, sehemu hisa za kundi, sehemu kwenye simu. Penda mizigo midogo inayozunguka haraka kuliko stoo kubwa inayokungoja. Na kumbuka kuna kapitali isiyobebwa na maji: wateja wanaoamini kopo lako, na ujuzi wa kutambua mpunga mkavu. Mtu aliyefika kambini Burundi na ujuzi huo anaweza kuanza tena na beseni moja.

Basi anza na gunia moja, au nusu yake, au beseni. Likiisha, kabla hujafurahi wala kuhuzunika, kaa chini na kaye yako ujiulize swali moja: pesa iliyobaki inanunua gunia jingine kama lile na kulipia gharama zake zote? Ikitosha na kubakiza hata faranga elfu moja, wewe ni mfanyabiashara. Mwakani, mtu akikuuliza wafanya kazi gani, mtajie kazi yako.