Kusoma Baada ya Kazi



Mwenzetu mmoja hapa Gisenyi alihudhuria mafunzo yetu ya sheria ya kazi, akajaza daftari zima. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wetu sisi tuliofundisha. Miezi michache baadaye karani alimwandikia likizo ya siku 18. Alikuwa ametimiza miaka 7 kazini. Alihisi kuna kosa, lakini hakuweza kulitaja, na daftari lilikuwa nyumbani chini ya kitanda. Akatia sahihi.

Sheria namba 66/2018 yatoa likizo ya siku 18 za kazi kwa mwaka, na kila miaka 3 ya utumishi huongeza siku 1, mpaka zifike 21. Mwenzetu alistahili siku 20.

Kosa hilo ni letu pia. Tulisoma vifungu, naye akanakili; hatukumwuliza hata mara moja, "Wewe una miaka mingapi kazini?"

Basi, ndugu, usinakili kila neno. Sikiliza kwanza, kisha andika kwa maneno yako, yawe ya Kinyarwanda au ya Kiswahili. Jioni hiyohiyo mweleze mkeo, mumeo au jirani ulichosikia, daftari likiwa limefungwa. Ukikwama, hapo ndipo pa kufungua. Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akaandika mwaka 1885 kwamba mengi tunayojifunza hupotea katika saa za mwanzo, na kuyarudia huyarudisha. Kwa hiyo robo saa leo na robo saa kesho kutwa zafaa kuliko kukesha Jumamosi. (Aliyetoka zamu ya usiku asijidanganye, alale kwanza.)

Tena, soma na wenzako. Mwaka 1973 nchini Tanzania, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Bila vile vyoo, yangebaki maneno ya redio tu. Wachuma chai wa Pfunda waweza kuulizana njiani wakirudi nyumbani; hapo hapahitajiki taa wala meza.

Somo lijalo kila mtu aje na mkataba wake na karatasi ya mshahara. Tutaanza na likizo: mwenye miaka 9 kazini apate siku ngapi? Atakayefundisha ni yule mwenzetu wa daftari.