Koltani ya Masisi na Mbinu ya Kromatografia

Huko Rubaya, wilayani Masisi, wachimbaji huosha mchanga wenye koltani kwa maji yanayotiririka. Maji huchukua udongo na mchanga mwepesi. Madini meusi, mazito, hubaki chini. Huko Bisie, wilayani Walikale, kasiteriti itoayo bati nayo hutengwa kwa kutumia tofauti ya uzito.

Njia hiyo ina kikomo. Hutenga punje na punje, lakini haiwezi kutenga elementi zilizofungamana ndani ya punje moja. Koltani ina tantali na niobi pamoja na chuma na manganizi. Tantali na niobi zinafanana kitabia kiasi kwamba mwaka 1809 mwanakemia Mwingereza William Wollaston alidai kuwa ni elementi moja. Mjerumani Heinrich Rose ndiye aliyeonyesha, mwaka 1844, kuwa ni mbili. Suala hili si la kinadharia tu, kwani bei ya koltani hutegemea zaidi kiasi cha tantali kilichomo.

Kromatografia ni mojawapo ya mbinu zinazoweza kuzitenganisha. Jina lake, lililotolewa na Mrusi Mikhail Tsvet mwaka 1906, linatokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya rangi na kuandika, kwa kuwa yeye alitenganisha rangi za majani ya mimea. Mbinu hii huhitaji vitu viwili: kimoja kilichotulia, na kingine, kimiminika au gesi, kinachopita juu yake kikibeba mchanganyiko. Kiambato kinachoshikwa zaidi na kitu kilichotulia huchelewa. Kinachoelekea zaidi kwenye kimiminika hutangulia. Kushikwa na kuachiliwa huko hurudiwa mara nyingi njiani, hivyo tofauti ndogo ya tabia hugeuka kuwa umbali unaoonekana.

Katika miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza waliitumia mbinu hii kwa madini ya aina ya koltani. Madini huyeyushwa katika asidi ya hidrofloriki, kisha huwekwa juu ya selulosi iliyoshindiliwa ndani ya mrija wa plastiki, maana asidi hiyo hula kioo. Kiyeyushi cha ketoni kikipitishwa, tantali hutoka kwanza. Kiyeyushi hicho kikiongezewa asidi, niobi nayo hufuata. Kila moja hukusanywa na kupimwa peke yake.

Leo viwanda hutenganisha elementi hizo kwa vimiminika viwili visivyochanganyika, na wanunuzi hupima kwa vifaa vya mionzi ya eksi. Hata hivyo, vifaa hivyo hurekebishwa kwa sampuli ambazo viambato vyake vimekwisha kujulikana. Mchimbaji asiye na kipimo hicho hujua uzito wa mfuko wake tu. Kiasi cha tantali, kinachoamua bei, huambiwa na mnunuzi. Kwa hiyo, kuyaeleza maarifa haya kwa Kiswahili, lugha inayotumika sokoni na machimboni huko Kivu, kuna manufaa yanayovuka mipaka ya maabara.