Mgonjwa Angali Hai, Joho Lapimwa

Kati ya Februari na Aprili 2025, mtu aliyepita Mirongo hapa Mwanza, penye kahawa na milango ya maduka, alisikia habari za Roma zikizungumzwa kana kwamba Roma ni ng'ambo ya mto. Papa Fransisko, mzee wa miaka 88, alikuwa anaugua nimonia ya mapafu yote mawili. Waumini walisali. Lakini palikuwa na wengine, tena si wachache, waliokwisha kumzika mgonjwa kabla hajakata roho, wakawa wanakigawa kiti chake. Huyu alimpa Mwafrika, yule alimrudishia Mwitaliano, na wa tatu aliapa kwamba mambo yote yamekwisha kupangwa, kilichobaki ni moshi tu.

Sisi hatukuwasadiki watabiri hao, na twaona yafaa kueleza kwa nini. Hatusemi haya kwa nia ya kuwacheka. Twasema kwa kuwa ugonjwa wa mkubwa ni mtihani wa kila jumuiya ya watu, iwe ya dini au ya dola, na mtihani huo sisi wa kando ya Ziwa twaufahamu.

Tuanze na yaliyotokea. Papa Fransisko aliingia Hospitali ya Gemelli tarehe 14 Februari, akatoka tarehe 23 Machi. Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, alionekana mbele ya watu. Kesho yake asubuhi akafariki. Tarehe 7 Mei makardinali 133 walifungiwa ndani kupiga kura, na tarehe 8 Mei walimchagua Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago aliyetumikia miaka mingi nchini Peru. Akajiita Leo wa Kumi na Nne. Je, wako wapi waliokuwa wakiapa? Wacheza kamari wa Ulaya na Marekani waliwaweka mbele Pietro Parolin na Luis Antonio Tagle. Wengi wetu Afrika tulimtaja Peter Turkson wa Ghana, au Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Wote hao waliingia makardinali wakatoka makardinali.

Lakini tusije nasi tukageuka watabiri wa upande wa pili. Upo msemo kwamba aingiaye katika uchaguzi huo akiwa Papa hutoka akiwa Kardinali. Msemo huo nao si sheria. Mwaka 2005 Joseph Ratzinger alitajwa sana kabla ya kura, na akatoka Papa. Ukweli ni kwamba mtu aliye nje ya mlango ule hajui, na aliye ndani ameapa kutosema.

Basi, je, siasa hazimo? Zimo, ila hazipo pale wanapozitafuta watu. Urithi wa kiti kile haupangwi kando ya kitanda cha mgonjwa. Hupangwa miaka mingi kabla, wakati mwenye kiti angali mzima anaandika majina ya makardinali wapya. Kati ya wale wapiga kura 133, waliopewa ukardinali na Fransisko mwenyewe walikuwa 108. Hapo ndipo penye siasa yenyewe. Tazameni mfano wa kwetu. Kardinali Polycarp Pengo alipiga kura mwaka 2005 na mwaka 2013. Mwaka 2025 hakupiga, maana alikuwa amevuka umri wa miaka 80, na sheria ya Paulo wa Sita ya mwaka 1970 humzuia mwenye umri huo. Lau Fransisko asingalimfanya Protase Rugambwa wa Tabora kuwa Kardinali mwaka 2023, Tanzania isingalikuwa na kura hata moja. Kura ile ilizaliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya nimonia.

Fransisko mwenyewe aliwajua wapima majoho. Baada ya kupasuliwa utumbo mwaka 2021 aliwaambia Wajesuiti wenzake kwamba wako waliomtakia kifo, na kwamba baadhi ya wakubwa wa Kanisa walikwisha kukutana kutayarisha uchaguzi. Akaishi karibu miaka minne baada ya hapo.

Twauliza basi: uvumi huu hulishwa na nini? Jibu letu ni kwamba hulishwa na ukimya. Msemo wa zamani wa Roma wasema kwamba Papa haugui mpaka siku afapo. Mwanza ilimwona Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990, mtu mwenye nguvu zake. Baadaye dunia nzima ikaona mkono wake ukitetemeka, na kwa miaka mingi ugonjwa ule haukutajwa rasmi kwa jina. Mwaka 2025 Vatikani ilifanya vizuri zaidi: karibu kila siku ilitoa taarifa ya madaktari, hata mbaya. Twaipongeza kwa hilo.

Hata hivyo, taarifa ya daktari si sheria. Papa afapo, sheria ipo na ni nzuri: muda wa kungoja umewekwa, na theluthi mbili ya kura zatakiwa. Papa akitaka kujiuzulu, mlango upo, na Benedikto wa Kumi na Sita aliupita mwaka 2013. Askofu naye akifikisha miaka 75 hutakiwa kutoa barua ya kuomba kupumzika. Lakini Papa akiwa hai, hajitambui wala hawezi kusema, nani atatamka kwamba hawezi? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataja kiti kilichozuiliwa namna hiyo na kuelekeza kwenye sheria maalumu. Fransisko alifariki sheria hizo maalumu zikiwa hazijatangazwa. Alisema mwaka 2022 kwamba tangu mwaka 2013 alitia sahihi barua ya kujiuzulu endapo ugonjwa ungemzuia. Ni busara, lakini barua haijifungui yenyewe. Haya ndiyo mashaka yetu, na twayaona mazito kuliko swali la Mwafrika au Mwitaliano.

Sisi si walinzi wa mlango wa Roma, wala hatudai kulifundisha Kanisa. Twasema tu tuliyojifunza nyumbani. Askofu Mkuu Anthony Mayala wa Mwanza alifariki Agosti 2009, na mrithi wake akatajwa Novemba 2010. Kiti kilikaa wazi zaidi ya mwaka mmoja na Jimbo halikuvunjika, maana kiti kilicho wazi kina utaratibu wake. Kadhalika Katiba ya Jamhuri, ibara ya 37, yaeleza la kufanya Rais akiugua hata asiweze kazi: Baraza la Mawaziri humwomba Jaji Mkuu, naye huunda bodi ya madaktari. Machi 2021, kabla ya kutangazwa kifo cha Rais Magufuli, uvumi ulitembea pwani hii yote ya Ziwa kuliko mitumbwi. Tarehe 17 tangazo likatoka, na tarehe 19 Makamu wake akaapishwa. Sheria ilikishika kiti kisiyumbe. Siku za ukimya ndizo zilizowasumbua watu.

Kwa hiyo twawaambia wenzetu wa Mirongo, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Siku moja Papa Leo naye atazeeka na kuugua. Siku hiyo msiulize kwanza nani atarithi. Ulizeni kama mgonjwa asemewa kweli, na kama ipo sheria ya kumlinda yeye na kiti chake asipoweza kusema. Hayo mawili yakiwapo, wapima majoho watakosa kazi. Yasipokuwapo, watapata kazi kila afapo mkubwa, na hata kabla hajafa.