Kuandaa Meno ya Utoto kwa Ajili ya Mataji ya Kauri

Wazazi wengi hudhani kwamba jino la utoto halihitaji matibabu kwa kuwa litang'oka lenyewe. Ni kweli kwamba meno ya mbele huanza kung'oka mtoto anapofikisha takribani miaka 6, lakini gego la pili la utoto hubaki kinywani hadi umri wa miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka 4 aliyetoboka gego hilo bado analihitaji kwa miaka sita au zaidi. Likiachwa lioze, mtoto hupata maumivu, hushindwa kula na kulala, na usaha unaweza kuathiri jino la kudumu linalokua chini yake. Likiondolewa mapema mno, meno ya jirani huegemea pengo, na jino la kudumu hukosa nafasi ya kuota.

Jino lililoharibika pande kadhaa, au lililotibiwa kiini, mara nyingi halidumu likijazwa tu. Hulindwa kwa taji, yaani kifuniko kinachovaa jino zima. Mataji ya chuma kisichoshika kutu yametumika kwa watoto tangu mwaka 1950. Mataji ya kauri aina ya zirkonia ni mapya zaidi, nayo hupendwa kwa kuwa ni meupe kama jino lenyewe. Uzuri huo una gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo hulipwa na jino.

Kwa nini maandalizi yake ni tofauti

Taji la chuma hupinda kidogo. Daktari huweza kulikaza kingo zake kwa koleo hadi linase kwenye shingo ya jino. Zirkonia haipindi wala haikazwi. Ikilazimishwa huweza kupasuka. Pia kuta zake ni nene kuliko za chuma. Kwa sababu hiyo jino hukerezwa hadi lilingane na taji lililochaguliwa, na sehemu ya jino inayoondolewa ni kubwa zaidi.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Enameli ya jino la utoto ina unene wa takribani milimita 1 tu, na kiini chake ni kikubwa kikilinganishwa na ukubwa wa jino. Pembe za kiini hukaribia uso, hasa upande wa mbele wa magego unaoelekea shavuni. Kukereza kupita kiasi huweza kukifichua kiini na kulazimisha matibabu ambayo hayakuwa yamekusudiwa.

Hatua za maandalizi

Kwanza, daktari huchunguza jino na kupiga picha ya eksirei ili kujua hali ya kiini na mizizi. Ukubwa wa taji huchaguliwa kabla ya kukereza.

Pili, mtoto huchomwa sindano ya ganzi, kisha jino hutengwa na mate kadiri inavyowezekana. Uozo huondolewa, na kiini hutibiwa ikiwa kimeathirika.

Tatu, sehemu ya kutafunia ya gego hupunguzwa kwa milimita 1.5 hadi 2 kwa kutumia ncha ya almasi inayopozwa kwa maji. Kiasi kama hicho huondolewa kwenye makali ya jino la mbele.

Nne, pande zote za jino hupunguzwa, kwa kawaida kati ya nusu milimita na milimita 1 au zaidi kidogo. Ukingo hushushwa milimita 1 hadi 2 chini ya ufizi na kuachwa mwembamba, bila ngazi. Uvimbe wa jino karibu na ufizi huondolewa, na pembe zote kali hulainishwa.

Tano, taji hujaribiwa. Linapaswa kuingia kwa msukumo mwepesi wa kidole. Likikwama, daktari hurudi kulikereza jino. Taji halipigwi wala halisukumwi kwa nguvu.

Sita, damu ya ufizi huzuiwa kabisa kabla ya kugundisha, kwa kuwa damu na mate hudhoofisha mshiko wa saruji. Taji lililochafuka wakati wa kujaribiwa husafishwa kwanza. Kisha hujazwa saruji na kushikiliwa bila kutikiswa hadi saruji igande.

Wakati chuma kinapofaa zaidi

Taji la chuma huwa chaguo bora kwa mtoto anayesaga meno, kwa jino ambalo majirani wake wameshaegemea nafasi yake, kwa fizi zinazovuja damu sana, na kwa mtoto asiyeweza kutulia muda mrefu. Gego lililooza lakini kiini chake hakijaathirika huweza hata kuvishwa taji la chuma bila sindano wala kukereza, kwa njia ya Hall, iliyopewa jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti. Mzazi anayeomba taji jeupe anastahili kuelezwa haya kabla ya kuamua.

Baada ya matibabu

Ganzi hudumu saa 2 hadi 3. Mlezi amwangalie mtoto asije akajing'ata mdomo au ulimi. Ufizi huweza kuuma kwa siku chache. Taji lenyewe halitoboki, lakini jino lililo ukingoni mwake huweza kuoza. Kwa hiyo meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, na punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Uvimbe, homa, jipu kwenye ufizi au taji lililolegea ni sababu za kurudi hospitali mapema.

Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wana nafasi ya kuzuia safari hii yote. Kuinua mdomo wa juu wa mtoto wakati wa kupimwa uzito huchukua sekunde chache. Mabaka meupe yasiyong'aa karibu na ufizi ni dalili ya mwanzo ya uozo, na katika hatua hiyo floraidi na kupunguza vitu vya sukari, hasa chupa ya usiku, huweza kuliokoa jino bila kulikereza.