Kwenda Afrika ya Kusini, ama Kubaki?

Vijana wengi wa Lubumbashi wanatuuliza kama inafaa kwenda Johannesburg kutafuta kazi. Hatupendi kuwajibu upesi.

Njia yajulikana: mpaka wa Kasumbalesa, kisha Zambia, kisha Zimbabwe, hata mto Limpopo. Faida ipo, wala hatuikani. Randi chache zikitumwa nyumbani hulipa karo ya mtoto, na mama mgonjwa hupata dawa. Nani atamlaumu baba awazaye hivyo?

Lakini na tuhesabu pia yale yasiyotumwa pamoja na fedha. Huko Cape Town wako Wakongo wenye diploma wanaolinda motokaa barabarani. Mshahara hawana, bali hungojea sarafu kwa hisani ya mwenye motokaa. Karatasi ya mwomba kimbilio ina muda wake, na muda ukiisha lazima kuifanya upya. Tena mwezi wa Mei 2008 wageni walishambuliwa katika miji mingi; watu 62 waliuawa, na 21 kati yao walikuwa wenyeji wenyewe!

Sisi walimu twaona jambo jingine. Mtoto aliyeachwa akiulizwa jina la baba yake, hulitaja kwa fahari; akiulizwa sura yake, hunyamaza. Na mama yake huamua peke yake kila neno la nyumbani.

Nauli nayo mara nyingi hutokana na kiwanja kilichouzwa. Basi tunamwuliza kijana: ukirudi, utajenga wapi, na mkeo alikubali?