Kwa Nini Kioo cha Gari Huingia Ukungu Wakati wa Mvua?

Bila shaka mmeona kwamba mvua ikinyesha hapa Nyakato, gari likijaa watu na madirisha yakifungwa, kioo cha mbele huingia ukungu. Dereva hufuta kwa kitambaa, huku barabara ya Musoma ina waendao kwa miguu na baiskeli asiowaona vizuri.

Ukungu huo hutoka ndani. Pumzi zetu na nguo zilizolowa hutoa mvuke. Mvuke ukigusa kioo kilichopozwa na mvua hugeuka matone madogo ya maji.

Dawa yake ni kiyoyozi pamoja na hita. Kiyoyozi hupitisha hewa kwenye mabomba baridi, mvuke ukageuka maji na kudondoka chini ya gari. Hewa iliyokauka hupashwa na hita kwa joto la injini, kisha hupulizwa kwenye kioo, ikaondoa unyevu upesi.

Basi dereva awashe vyote viwili, aelekeze hewa kiooni, na aruhusu hewa ya nje iingie. Kiyoyozi kikiwa kibovu, afungue dirisha kidogo. Asipoona mbele, aegeshe kwanza.