Kimeng'enya na Mikono Miwili ya Asidi Amino

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni. Yafaa tuulize kama jina hilo latosha kwa kazi ambazo vimeng'enya hufanya viwandani. Na mfano mwema ni utengenezaji wa asidi amino.

Kila asidi amino ya protini, isipokuwa glisini, yaweza kuwa na maumbo mawili yanayoelekeana kama mkono wa kuume na wa kushoto: ni pacha, lakini moja haliwezi kulazwa juu ya jingine likalingana nalo. Wanakemia huyaita L na D. Protini za viumbe hujengwa kwa L. Lakini asidi amino ikitengenezwa kwa njia za kawaida za kemia, maumbo yote mawili hupatikana nusu kwa nusu, na kuyatenga ni kazi ngumu.

Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani, kwa utafiti wa Ichiro Chibata na wenzake, ilipata njia. Kimeng'enya aminoasilasi, kilichotolewa katika ukungu wa Aspergillus oryzae, kilifungwa juu ya chembechembe ngumu ndani ya bomba. Mchanganyiko wa asidi amino zilizoungwa na asetili ulipitishwa humo. Kimeng'enya kilikata asetili ya umbo la L tu, la D kikaliacha. L ikatengwa kwa kugandishwa kuwa fuwele. D iliyosalia ikapashwa moto hadi ikawa mchanganyiko tena, ikarudishwa bombani. Kimeng'enya kilibaki humo, kikatumika tena na tena.

Hapa kazi ni kukata, na jina lafaa. Lakini mwaka 1973 kampuni hiyo hiyo ilianza kutumia aspartasi, iliyomo katika bakteria Escherichia coli waliofungwa vivyo hivyo, kuunga amonia na asidi fumariki ili kupata asidi aspartiki ya L. Hapa hakivunjwi kitu, pana kuunga. Mwanafunzi afuataye kitenzi atapotoka.

Je, tuliache neno? La. Wilhelm Kühne alipobuni neno enzimu mwaka 1877, alilitoa katika Kigiriki kwa maana ya "ndani ya chachu". Wala hakuna adaiye leo kuwa vimeng'enya vyote hutoka katika chachu. Neno likishakubaliwa, matumizi hulipanua kupita mzizi wake. Hapana budi basi waandishi wa vitabu vya shule waeleze kimeng'enya kwa kazi yake, yaani kuharakisha badiliko bila chenyewe kwisha, na mfano wa aspartasi wauweke kando ya ule wa tumbo.